Ufunguo wa Ghorofa ya Kumi na Tisa

1

Macho ya Pumzi yalikufa Jumanne, saa tatu na dakika nane asubuhi. Tupokigwe Mwambene aliijua saa yenyewe kwa sababu alikuwa ameketi mbele ya ukuta wa taa, kikombe cha chai mkononi, taa zote za kijani zilipozimika kwa mkupuo, kuanzia ghorofa ya kwanza hadi ya ishirini na sita.

Akapiga simu kwa wakala wa mashine. Simu ikamwomba asubiri. Akasubiri dakika arobaini na moja, huku akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, na chai ikapoa na kufanya utando juu. Alipopokewa na mtu hatimaye, mtu huyo alimuuliza kama amejaribu kuzima na kuwasha.

"Nimezima na kuwasha mara sita," alisema Tupokigwe. "Macho hayaoni. Pampu ni nzima, milango ni mizima, ila macho hayaoni."

"Basi ni kadi ya macho. Haipo nchini. Itafika Jumatatu."

"Leo Jumanne. Nina watu elfu moja na mia nne humu ndani."

"Sheria unaijua, Bi Tupokigwe. Ikifika saa saba mchana uwe na mlinzi wa moto kila ghorofa. La sivyo, toa watu."

"Walinzi wa moto nawapata wapi? Kazi hiyo haipo tena. Nani kaifundisha miaka kumi na minne hii?"

"Ajiri watu. Funguo unazo kabatini," akasema wakala, na simu ikakatika.

Tupokigwe akafungua kabati la chuma nyuma ya meza. Ndani mlikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku funguo ishirini na sita za shaba, nzito, kila mmoja na namba ya ghorofa yake. Hazikuwahi kuguswa. Mafuta ya kiwandani yalikuwa bado yameganda kwenye meno yake.

Dodoma ya miaka ile maji yaligawiwa kwa vipimo, na hakuna mwenye jengo aliyethubutu kuyahifadhi darini yakingoja moto ambao huenda usije. Ndiyo maana Mnara wa Zabibu, kama minara yote mipya ya mji, ulikuwa na Pumzi. Macho yaliyokuwa darini yakiona moto, kengele ililia kwa sekunde tisini. Sekunde ya tisini ikifika, milango ya ghorofa ile ilijifunga kama mfuniko uliobana, na pampu za juu ya paa zikanyonya hewa yote iliyokuwamo. Moto ukikosa hewa hufa. Na aliyebaki ndani naye hufa. Kila mpangaji aliambiwa hivyo, na kila mpangaji alisaini.

Macho yakiharibika, kazi hiyo ilimwangukia mtu. Mtu huyo ndiye angeona moto, ndiye angepiga kengele, na sekunde ya tisini ikifika ndiye angegeuza ufunguo.

Tupokigwe hakuwa na shaka na mpango huo. Alipokuwa na miaka thelathini na mbili alikuwa karani katika Mnara wa Mashariki, siku ulipowaka. Magari ya zimamoto yalifika mapema, ila maji yaliisha kabla moto haujapungua. Yeye alishuka ngazi akiwa na viatu mkononi. Watu mia moja na kumi na watatu hawakushuka. Mwaka uliofuata aliacha ukarani, akasomea leseni ya usimamizi wa usalama, na kila alipouliza darasani kwa nini sekunde tisini na si mia, mwalimu alimjibu kwamba kila sekunde inayoongezwa chini inalipwa juu, na walio ghorofa za juu.

2

Tangazo lilitumwa kwenye simu zote za wilaya. Saa tano ukumbi wa chini ulikuwa na watu wasiopungua mia, na Tupokigwe akaanza kuwahoji amesimama, maana meza ilikuwa imechukuliwa na watu wa harusi ya Jumamosi na hakuna aliyekubali kuirudisha.

Waliposikia ni kazi ya siku sita, kutembea na kunusa, walifurahi. Wakishasoma kifungu cha saba, nyuso zilibadilika. Kilisema: *Sekunde ya tisini ikifika mlinzi atageuza ufunguo, bila kungoja na bila kujali sababu nyingine yoyote.*

Mama mmoja mwenye kilemba cha bluu alisoma mara mbili, akainua macho. "Na kama kuna mtu ndani?"

"Kengele inalia sekunde tisini, mama. Watu wanatoka."

"Hujajibu nilichouliza."

"Watu wanatoka," Tupokigwe alirudia, na akaisikia sauti yake ikipanda.

Yule mama aliiweka karatasi juu ya kiti, taratibu, akaondoka. Watu kumi na moja wakamfuata. Kijana mmoja mwenye miwani alisaini bila kusoma, na Tupokigwe akamlazimisha asome, akasoma, akafuta jina lake. Mwingine alisema yeye hana shida, hata sekunde ya sitini atageuza, na kwa namna alivyolisema jambo hilo, akitabasamu, Tupokigwe alimwambia nafasi zimejaa. Zilikuwa hazijajaa. Saa sita na nusu alikuwa na walinzi kumi na tisa, na mwenye jengo, Bwana Zuberi Kitundu, alikuwa amempigia mara nne kuuliza kwa nini lifti zimezimwa.

"Sheria, Bwana Zuberi. Macho yakifa lifti hazitembei."

"Wapangaji wananipigia mimi."

"Na mimi wananipigia."

Wa ishirini alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, shati lake limepigwa pasi vizuri. Aliitwa Hosea Chilongani. Alikuwa amelinda maghala ya kukaushia zabibu huko Hombolo kwa miaka mingi, tena alikuwa ameuona moto kwa macho yake, mara mbili. Alisoma kifungu cha saba mpaka mwisho.

"Kabla sijasaini," akasema, "naomba kuiona ghorofa yenyewe. Nijue nani anakaa wapi."

"Bwana Hosea, imebaki nusu saa. Wewe ni wa kusimama mlangoni tu, karibu na ufunguo."

"Sawa, mama. Lakini naomba kuiona."

Tupokigwe alitaka kumwambia aende zake. Akaitazama saa, akautazama ukumbi uliokuwa ukipungua watu, akampa ufunguo wa kumi na tisa. "Kaione. Saini ukiwa njiani."

Saa saba kasoro dakika tatu alikuwa na ishirini na sita. Wa mwisho wawili alikuwa amewaomba kwa sauti ambayo hakuipenda.

3

Jumatano ilikuwa siku ya malalamiko. Wapangaji wa ghorofa ya kumi na moja walisema mlinzi wao ananusa sufuria zao. Ofisi ya wanasheria ilisema haiwezi kufanya kazi mtu akiingia kila dakika kumi na tano. Shule ya chekechea ya ghorofa ya ishirini ililalamika kwamba watoto wanapanda ngazi asubuhi na kufika wakisinzia. Saa nne asubuhi Tupokigwe alimkuta mlinzi wa ghorofa ya saba amelala, mgongo ukutani, ufunguo umemdondoka miguuni. Akamwamsha, akamfukuza, akasimama yeye mwenyewe mlangoni pale kwa muda wa saa tatu mpaka akapata mwingine.

Alipopanda kumi na tisa, mlangoni hapakuwa na mtu. Alimkuta Hosea chumba cha mwisho kabisa, namba kumi na tisa sifuri saba, akizungumza na Eliwaza, fundi wa kushona nguo. Eliwaza alikuwa na miaka thelathini na tano. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu utotoni, alitembea kwa magongo mawili, na alishona kwa cherehani ya mkono iliyowekwa juu ya meza fupi. Tangu lifti zizimwe alikuwa akilala hapo hapo chumbani.

Tupokigwe alimwita Hosea nje.

"Kazi yako ni mlangoni. Ukiwa huku, ufunguo nani atageuza?"

"Nikiwa mlangoni, moto nani atauona?"

"Utasikia harufu yake."

"Nikishasikia harufu yake nikiwa mlangoni, umeshakua." Hosea alisema bila ukali. "Mama, huyu dada nimempima kwa saa. Kutoka kwenye meza yake hadi mlango wa ngazi, kwa magongo, ni sekunde mia moja na arobaini. Ulijua?"

Tupokigwe alimwambia arudi mlangoni, akashuka ngazi, na mpaka anafika chini alikuwa bado hajajijibu hata yeye mwenyewe.

4

Moto ulitokea Alhamisi, saa nane na nusu mchana. Mtu wa chumba cha nne alikuwa amepandisha betri ya pikipiki yake ya umeme ili aichaji ofisini, jambo lililokatazwa kwa maandishi kila mlango, na betri ikavimba, ikapasuka.

Tupokigwe alikuwa ghorofa ya kumi na saba akibishana na mpangaji juu ya jiko la umeme. Kengele ilipolia alijua kwa mlio wake kwamba ni juu, si chini. Alipanda ngazi mbili mbili. Watu wa kumi na tisa walikuwa wakishuka, wengine na kompyuta kifuani, na aliwapita akiwasukuma.

Hosea alikuwa mlangoni. Ufunguo ulikuwa tayari tunduni, mkono wake juu yake. Saa ndogo iliyokuwa juu ya mlango ilisoma sabini na moja.

"Wametoka kumi na wanane," alisema. "Nimewahesabu. Amebaki Eliwaza. Moto uko katikati, chumba cha nne, moshi umemzibia njia."

"Anakuja?"

"Anakuja kwa magongo yake. Hatafika."

Sabini na tano. Kutoka ndani ulisikika mlio kama wa mafuta ya kukaangia, na kupitia kioo kidogo cha mlango Tupokigwe aliona moshi mweusi, mzito, ukibingirika chini ya dari na kuingia kwenye matundu ya hewa. Matundu hayo yalibaki wazi mpaka ufunguo ugeuzwe. Juu yake kulikuwa na ghorofa saba.

"Bwana Hosea," alisema, "ikifika tisini geuza."

Hosea aliuondoa mkono wake kwenye ufunguo. "Siwezi kugeuza, na siwezi kuuacha bila mtu. Nilikuwa nangoja wa kumwachia." Akaushika mkono wa Tupokigwe, akauweka pale mkono wake ulipokuwa. Kisha akavuta blanketi la moto ukutani, akajifunika kichwa, akafungua mlango, akaingia. Mlango ukajirudisha.

Themanini na mbili.

Ufunguo ulikuwa na joto la kiganja chake. Tupokigwe alikuwa amewafundisha watu ishirini na sita namna ya kuugeuza: robo mzunguko hadi usikie springi, kisha sukuma mpaka mwisho. Tisini ikafika, na saa ya juu ya mlango ikaanza kuwaka na kuzima kwa rangi nyekundu.

Akageuza robo. Akaisikia springi ikimkinza.

Watoto wa chekechea wakaanza kupita nyuma yake wakishuka, wameshikana kamba, mwalimu mbele na mwalimu nyuma. Yule wa nyuma alisimama. "Dada, moshi unatoka darini kwetu. Mbona hamfungi?"

"Shukeni," akasema Tupokigwe.

"Nauliza mbona hamfungi."

"Mwalimu, nakuomba, shuka na watoto."

Mia moja na tano. Alimfikiria karani mwenzake wa Mnara wa Mashariki, aliyerudi kuchukua mkoba na asishuke tena. Alifikiria ghorofa saba. Alijua hesabu yote, aliijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na hesabu ilisema geuza. Mkono haukwenda. Mia moja na ishirini. Alijisikia akiwalaani wote kwa kunong'ona, wakala, Bwana Zuberi, mwenye betri, Hosea kwa kumpa ufunguo, na yeye mwenyewe kwa kuupokea. Mia moja na thelathini na nane.

Sekunde ya mia moja arobaini na tisa mlango uligongwa kwa chini, karibu na sakafu. Tupokigwe aliuvuta. Hosea alikuwa akitambaa kinyumenyume, akimkokota Eliwaza kwa blanketi. Mikono ya Hosea kuanzia viwiko ilikuwa imebadilika rangi. Tupokigwe aliwavuta wote wawili nje, akausukuma mlango, akageuza ufunguo mpaka mwisho.

Jengo lilivuta pumzi ndefu. Kupitia kioo aliuona moto ukijikunyata, wa njano ukawa wa bluu, wa bluu ukawa hamna. Haikuchukua hata nusu dakika.

Eliwaza alikuwa akikohoa, amekaa sakafuni, magongo yake yamebaki ndani. Watu wote walikuwa wametoka. Tupokigwe alishika ukuta na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alijisikia amefanya kitu sawasawa.

Kisha kwenye ngazi za juu zikasikika hatua nzito. Mlinzi wa ghorofa ya ishirini alikuwa akishuka na mtoto begani. Msichana mdogo, sare ya zambarau, mikono inaning'inia.

"Alikuwa chooni," alisema mlinzi. "Huko ndiko moshi ulikojaa kwanza."

5

Mtoto aliitwa Chiku, miaka mitano. Hospitali walimweka kwenye mashine ya kupumulia. Daktari alisema mapafu yameungua kwa moshi wa betri, na akasema pia kwamba ataishi, ila atapumua kwa shida kwa miaka.

Bwana Zuberi alifika hospitali jioni ile ile akiwa na suti, akamvuta Tupokigwe pembeni, karibu na dirisha la dawa.

"Andika ufunguo uligoma," alisema. "Ulikuwa haujawahi kutumika, mafuta yaliganda. Hata watengenezaji hawatabisha, watataka yaishe. Yule mlinzi atatibiwa, wewe utabaki na leseni yako."

"Haukugoma."

"Nani anajua?"

"Mimi."

"Bi Tupokigwe, nakusaidia."

Tupokigwe alijua kweli anamsaidia. Ndicho kilichomkera zaidi.

Baba yake Chiku alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya wodi, bado na koti la kazini lenye vumbi la saruji. Tupokigwe alimsogelea, akasalimia, akajitambulisha. Alimweleza jinsi ilivyokuwa, kuanzia sekunde ya sabini na moja.

Baba Chiku alisikiliza mpaka mwisho. "Ungegeuza kwenye tisini, moshi ungefika chooni?"

"Kidogo. Si kwa kiasi kile."

"Kwa hiyo ulimpima mwanangu na fundi cherehani."

"Sikupima. Nilishindwa kugeuza."

"Basi hukupaswa kushika ufunguo."

Tupokigwe alikaa mwisho wa benchi, na baba Chiku hakumfukuza, wala hakumtazama tena.

Ijumaa mkaguzi wa wilaya alimhoji kwa saa mbili. Alikuwa mtu mpole aliyeandika kwa kalamu. Aliuliza kama ufunguo uligoma, Tupokigwe akasema hapana. Akauliza kwa nini basi alichelewa sekunde hamsini na tisa, akasema kulikuwa na watu wawili ndani na alijua majina yao. Mkaguzi aliandika, akasita, akasema leseni yake itakoma Jumatatu saa za kufunga ofisi.

6

Kadi ya macho ilifika Jumatatu asubuhi pamoja na fundi mwanamke aitwaye Sharifa, mwenye umri kama wa Tupokigwe, mkoba wa vifaa begani. Alifanya kazi mpaka saa saba. Taa za kijani zikarudi ukutani moja moja.

"Imebaki saini yako," alisema Sharifa. "Na namba."

"Namba gani?"

"Ya sekunde. Inakuja na tisini kutoka kiwandani, ila sheria inamruhusu msimamizi kuweka yoyote kuanzia sitini hadi mia na themanini. Hakuna anayeigusa. Ukiigusa, wewe ndiye utakayeulizwa."

Tupokigwe aliitazama ile nafasi tupu kwenye kioo. Miaka kumi na minne hakuwa ameambiwa kwamba pale pana nafasi.

"Nipe saa moja," alisema.

Alipanda kumi na tisa. Kuta zilikuwa nyeusi, lakini chumba cha Eliwaza kilikuwa kimeponea, na Eliwaza alikuwa amebebwa kupandishwa ngazi aje kukusanya nguo za wateja, akiwa na magongo mapya. Tupokigwe alimweleza analotaka: kupima.

"Leo ndiyo unanipima," alisema Eliwaza. Hakusema kwa hasira. "Kila mwaka siku ya mazoezi ya moto unanipigia simu nisije kazini. Halafu nasikia jengo limetoka lote kwa sekunde themanini na nane."

"Ni kweli."

"Nilisaini kwa sababu nilihitaji chumba. Wewe ulijua kwamba sitafika?"

Tupokigwe alikumbuka zile simu zote, alivyozipiga kwa sauti ya huruma, akijiambia anamwepusha na usumbufu wa ngazi. "Nilijua kiasi cha kutotaka kujua," alisema.

Wakapima. Eliwaza peke yake, kwa magongo: mia moja thelathini na sita. Wakapima tena, Tupokigwe akikimbia kutoka mlangoni, akimbeba mgongoni, akirudi. Magoti yake yalimuuma na jasho lilimwingia machoni. Themanini na moja.

Kisha akapanda ishirini, akawaomba walimu wawashushe watoto kwa kamba yao. Akasimama chooni akitazama tundu la hewa darini na kuhesabu. Angeongeza namba hadi mia na arobaini, Eliwaza angefika mlangoni kwa miguu yake, na choo kile kingejaa moshi. Angeiacha tisini, choo kingepona. Alihesabu tena kwa namna nyingine, na nyingine. Hakuna namba iliyowatosha wote wawili.

Alirudi chini saa nane na nusu. Bwana Zuberi alikuwa amefika, amesimama karibu na Sharifa, akitazama saa.

Tupokigwe aliandika tisini. Kisha, kwenye karatasi ya makabidhiano, pembeni ya saini yake, akaandika kwa mkono kwamba ghorofa ya kumi na tisa isifunguliwe kwa wapangaji isipokuwa pawepo mlinzi wa moto ndani yake saa zote za kazi, mashine ikiwa nzima au mbovu.

"Hapo hapana sehemu ya kuandika hayo," alisema Sharifa.

"Ndiyo maana nimeandika pembeni. Msimamizi akiandika, inabaki mpaka ukaguzi wa mwaka. Sivyo?"

Sharifa alifikiri. "Ndivyo."

Bwana Zuberi alisoma, akarudia. "Mlinzi wa nini, na macho yanaona?"

"Macho yanaona moto. Hayabebi mtu."

"Nani atakubali? Kengele ikilia yeye anaingia ndani, na mashine haitamngoja. Wewe mwenyewe uliwaona Jumanne walivyokimbia karatasi. Hosea mikono yake haitafaa kwa mwaka."

"Leo saa kumi leseni yangu inakoma," alisema Tupokigwe. "Kazi ya mlinzi haidai leseni. Niandike mimi."

Bwana Zuberi alimtazama kama mtu anayengoja mwenzake acheke. Alipoona hacheki, akashusha pumzi, akamwambia Sharifa awashe.

7

Wiki ya saba, ghorofa ilipokwisha kupakwa rangi upya, Chiku alirudi shule. Lifti zilikuwa zikifanya kazi, lakini baba yake alikuwa amempandisha kwa ngazi, akimbeba, na mtoto alikuwa na kifaa kidogo cha kupumulia kilichofungwa kifuani kwa mkanda. Walipofika mlango wa kumi na tisa, baba Chiku alimwona Tupokigwe na koti la njano la ulinzi. Alisimama.

"Kumbe uko hapa."

"Niko hapa."

"Kengele ikilia unafanya nini?"

"Namfuata Eliwaza."

"Na mwanangu?"

"Safari hii mashine haitasubiri mtu. Ikifika tisini, inafunga."

"Hata ukiwa ndani."

"Hata nikiwa ndani."

Baba Chiku alimrekebisha mtoto begani. Akaendelea kupanda. Chiku, kichwa juu ya bega la baba yake, alimtazama Tupokigwe mpaka kona ya ngazi ikawaficha.

Tupokigwe alibaki amesimama kidogo, kisha akabonyeza saa yake na kuanza kukimbia kwenye ujia, milango ikimpita kulia na kushoto. Eliwaza alimsikia akija. Alikuwa ameshona nusu ya ukosi wa koti, akaichomeka sindano kitambaani isipotee, akasogeza magongo kando.

"Tena?" aliuliza.

"Tena," akasema Tupokigwe, akageuka, akainama ili Eliwaza amshike shingoni.